Kiti Nje ya Mlango: Namna Tunavyowaandaa Viongozi wa Shule

Katika kamati ya elimu ya dayosisi yetu kuna ajenda moja ambayo hurudi kila mwaka na kila mwaka hutuchosha: nani apelekwe masomoni. Fedha za mfuko wa elimu zinamtosha mtu mmoja. Shule zinazohitaji mkuu aliyeandaliwa vema ni nyingi. Mwaka juzi majina yalibaki mawili. La kwanza lilikuwa la mkuu wa shule ya sekondari aliyebakiza miaka 4 kustaafu. La pili lilikuwa la mwalimu wa kike, makamu mkuu wa shule iliyo mbali na barabara ya lami, ambaye bila kuagizwa na mtu alikuwa akizitembelea shule za awali za sharika za jirani kila Jumamosi. Masomo yenyewe yalikuwa ya shahada ya uzamili katika uongozi na usimamizi wa elimu.

Mzee mmoja wa kanisa alitoa hoja iliyoonekana kuwa ya busara. "Mwenyekiti," alisema, "mkuu wetu aende chuoni, amelitumikia kanisa muda mrefu. Mwalimu huyu ana watoto wadogo. Yeye asome masomo ya wikendi, abaki hapa hapa na vipindi vyake. Tutampa nusu ya ada. Hivyo wote wawili tutakuwa tumewasaidia."

Tulikuwa tumekwisha kuinua mikono kupitisha, pale mama mmoja mjumbe alipouliza, "Na yule wa kwanza tuliyemsomesha hivyo, aliishia wapi?"

Tukanyamaza, maana tulimjua. Tulimlipia nusu ya ada. Hatukumpunguzia hata kipindi kimoja. Ijumaa jioni alipanda basi akiwa na madaftari ya kusahihisha mkobani, Jumapili usiku akarudi. Mwaka wa pili alikwama kwenye tasnifu, na katika kumbukumbu za kikao chetu tuliandika kwamba "ameshindwa kumaliza masomo". Tuliandika hivyo kwa mkono wetu wenyewe, wala hakuna aliyeuliza kama tulimpa nafasi ya kuyamaliza.

Ajenda iliahirishwa. Tukakubaliana kwamba kabla ya kikao kijacho tusome kidogo, tujue wenzetu waliotutangulia waliwaandaaje viongozi wa shule, na kanisa lilikuwa wapi katika kazi hiyo. Haya ndiyo tuliyojifunza.

Shule kama kiwanda

Kumwandaa mkuu wa shule chuo kikuu si jambo la kale sana. Katika nchi ya Marekani, ambako masomo haya yalikua mapema, mwaka 1879 Chuo Kikuu cha Michigan kilimweka William Payne kuwa profesa wa elimu ya ualimu, na miongoni mwa masomo aliyofundisha lilikuwamo la usimamizi wa shule. Kabla ya hapo mtu alikuwa mwalimu mzuri, akafanywa mkuu, kisha akajifunza ukuu kwa kukosea. Mwaka 1905 chuo cha ualimu cha Columbia, yaani Teachers College ya jijini New York, kilitoa shahada za uzamivu kwa watu waliojikita katika uongozi wa elimu. Mmoja wao aliitwa Ellwood Cubberley, aliyekuwa amewahi kuongoza shule za mji wa San Diego.

Cubberley alikwenda kufundisha Chuo Kikuu cha Stanford, na vitabu vyake vikasomwa na wakuu wa shule kwa miaka mingi. Alikuwa mtu wa bidii, na shule zilimhitaji mtu wa utaratibu. Lakini katika kitabu chake cha mwaka 1916 juu ya uendeshaji wa shule za umma alizifananisha shule na viwanda, na watoto na malighafi inayofinyangwa ili ifae mahitaji ya maisha. Basi kiongozi wa shule akawa meneja, mwenye takwimu mkononi na saa ukutani.

Hatusemi takwimu ni dhambi. Shule zetu nyingi zingepona kama zingekuwa na daftari la mapato linaloeleweka. Lakini mtoto si malighafi. Amebeba sura ya Mungu kabla hajafika getini. Mtu akifundishwa uongozi mahali ambapo jambo hilo halitajwi kabisa, atarudi na elimu pungufu, hata cheti chake kikiwa na alama za juu.

Mwanamke aliyezunguka shule

Wakati vyuo vikubwa vilipokuwa vikiandaa mameneja, njia nyingine ilianzia mashambani. Mwaka 1907 mwanamke tajiri wa Philadelphia, Anna T. Jeanes, alitoa dola milioni 1 kwa ajili ya shule za vijijini za Wamarekani weusi wa kusini. Alikuwa wa dhehebu la Quaker, ndilo wasomaji wa Kenya magharibi wanalolijua kama Kanisa la Marafiki, lililofika Kaimosi mwaka 1902. Alifariki mwaka huo huo wa 1907, hivyo hakuona matunda ya sadaka yake.

Mwaka 1908, katika kaunti ya Henrico jimboni Virginia, mkuu wa elimu Jackson Davis alimwona mwalimu mmoja wa shule ndogo, Virginia Randolph, binti wa wazazi waliokuwa watumwa. Shule yake ilikuwa safi, wazazi waliipenda, na watoto walijifunza kusoma pamoja na kazi za mikono. Davis aliomba fedha za mfuko wa Jeanes, akampa kazi ya kuzitembelea shule nyingine zote za watoto weusi katika kaunti ile, zaidi ya 20. Huyo akawa mwalimu msimamizi wa kwanza wa Jeanes. Baadaye njia yake ilienea katika majimbo mengi ya kusini.

Tuangalie kazi yenyewe. Hakuwa na ofisi ya maana. Alifika shuleni, akakaa na mwalimu, akatazama kinachokosekana, akakutana na wazazi, akawasaidia kuchanga, kisha akaenda shule ya pili. Mwaka ule wa 1908 yeye na wanafunzi wake walipanda mikuyu ya kwao 12 mbele ya shule, na msomaji wa Injili hahitaji kuelezwa hesabu hiyo inamkumbusha nini. Leo sisi tungemwita afisa elimu kata, au mthibiti ubora wa shule. Yeye aliitwa mwalimu tu, na kuongoza kwake kulikuwa kutembelea.

Kwa njia hiyo tunauona mfano wa Mtume Paulo, ambaye baada ya safari ya kwanza alimwambia Barnaba warudi kuwatazama ndugu katika kila mji walikohubiri. Hakuomba taarifa iletwe Antiokia. Alitaka kwenda akaone wanaendeleaje.

Kabete

Njia hii ya Jeanes ilivuka bahari ikafika kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1924 tume ya mfuko wa Phelps-Stokes, ikiongozwa na Thomas Jesse Jones, ilizunguka Afrika Mashariki kuchunguza elimu ya Waafrika. Wakati huo karibu shule zote za Waafrika zilikuwa mikononi mwa misheni. Zilikuwa shule za vijijini zenye mwalimu mmoja, mara nyingi huyo huyo akiwa mwinjilisti, akifundisha kwa ubao mmoja na kitabu kimoja. Tume iliona kwamba mwalimu wa namna hiyo, hata akiwa na moyo kiasi gani, hawezi kusonga mbele pasipo mtu wa kumtembelea na kumfundisha.

Mwaka 1925 Shule ya Jeanes ilifunguliwa Kabete, karibu na Nairobi, kwa fedha za serikali ya Kenya na za shirika la Carnegie la Marekani. Mkuu wake wa kwanza alikuwa James Dougall, Mskoti wa Kanisa la Presbiteri, aliyekuwa katibu wa tume ile. Misheni zilichagua walimu wenye uzoefu na kuwapeleka Kabete pamoja na wake zao na watoto wao. Waliishi katika nyumba ndogo zilizojengwa kama kijiji. Waume walijifunza namna ya kuzisaidia shule za vijijini, kilimo na afya. Wake nao walikuwa na masomo yao ya malezi na ya nyumba. Baada ya hapo walirudi kwenye misheni zao, kila mmoja akakabidhiwa kundi la shule za kutembelea.

Kuna mambo mawili hapa yaliyotugusa. La kwanza, Kabete haikumtenga mwalimu na nyumba yake. Mwenye watoto wadogo alikwenda nao. La pili, aliyekwenda kusoma aliachiwa nafasi ya kusoma. Hakuambiwa afundishe kutwa kijijini na kusoma usiku.

Lakini ni lazima tuseme na lingine, maana historia ya kanisa isiyo na toba ni sifa tupu. Nyuma ya mpango ule kulikuwa na wazo kwamba elimu ya Mwafrika inapaswa "kulingana na mazingira yake", maana yake jembe, usafi na ufundi, na si masomo ya juu. W.E.B. Du Bois, msomi mweusi wa Marekani, alilipinga wazo la Jones kwa ukali, akiona kwamba linawaandalia watu weusi nafasi ya chini ya kudumu. Kenya nako wazazi waliona hivyo hivyo. Walitaka watoto wao wasome alichosoma mtoto wa Mzungu. Mwishoni mwa miaka ya 1920 mgogoro kati ya misheni na Wakikuyu ulipozuka juu ya tohara ya wanawake, watu wengi walitoka wakaanzisha shule zao za kujitegemea. Tohara ilikuwa cheche. Kuni za moto ule zilikuwa nyingi, na mojawapo ilikuwa njaa ya elimu bora na ya kuongoza shule zao wenyewe.

Basi mwalimu wa Jeanes alikuwa kiongozi, lakini kiongozi aliyewekewa dari juu ya kichwa chake. Aliweza kusimamia shule 10 za vijijini. Kuongoza shule kubwa ya misheni kulibaki kwa Mzungu kwa miaka mingi baadaye. Wamisionari wengi walitupenda kweli. Hata hivyo mtu anaweza kukupenda na bado akakuwekea dari.

Mwanafunzi aliyefia njiani

Katika tume ile alikuwamo Mwafrika mmoja, James Aggrey, mzaliwa wa Anomabo, katika nchi ambayo leo ni Ghana. Wazee wengi wanamkumbuka kwa mfano wake wa tai aliyelelewa na kuku. Wachache wanakumbuka kwamba alikuwa mhudumu aliyewekewa mikono katika Kanisa la AME Zion, tena mwanafunzi hadi siku zake za mwisho. Alifundisha miaka mingi chuo cha Livingstone huko North Carolina, na kwa vipindi akaenda kusoma Chuo Kikuu cha Columbia. Chuo cha Achimota kilipoanzishwa nchini kwao, alikuwa mmoja wa viongozi wake wa kwanza. Mwaka 1927 alirudi New York ili amalizie tasnifu yake ya udaktari. Mwezi Julai mwaka huo akafariki, kazi haijakamilika.

Alikuwa na umri wa zaidi ya miaka 50. Watu wa mabara mawili walimheshimu. Angeweza kusema inatosha. Lakini aliona kwamba anayewaongoza wengine anadaiwa elimu kamili kama ile wanayoipata wengine, si kipande chake. Huko kusini mwa Marekani alikoishi, elimu ya juu ya namna hiyo ilifungwa kwa mtu mweusi. Majimbo ya kusini yalikuwa na vyuo vikuu vyenye shahada za juu, lakini vilikuwa vya weupe. Baadhi ya majimbo yalikuwa tayari kumlipia mwalimu mweusi ada akasome jimbo lingine, mradi tu asiingie chuo cha nyumbani. Ndiyo sababu walimu na wakuu wa shule weusi wengi, wakiwamo walimu wa Jeanes, walitumia likizo zao kupanda treni kwenda Teachers College, kiangazi baada ya kiangazi, hadi wapate shahada ya uzamili.

Kiti cha McLaurin

Mwaka 1948 mtu mmoja alikataa safari hiyo. Jina lake George McLaurin, mkazi wa Oklahoma. Alikuwa na shahada ya uzamili tayari, amefundisha chuo cha Langston, chuo cha watu weusi cha jimbo hilo, na umri wake ulikuwa umepita kwa mbali ule wa wanafunzi wa kawaida. Aliomba kusoma shahada ya uzamivu ya elimu katika Chuo Kikuu cha Oklahoma, mjini Norman. Akakataliwa, kwa kuwa sheria ya jimbo ilifanya kuwa kosa kuwafundisha weusi na weupe pamoja.

Alikwenda mahakamani akisaidiwa na mawakili wa chama cha NAACP, ambao kiongozi wao alikuwa Thurgood Marshall. Mahakama ilisema jimbo lina wajibu wa kumpa masomo anayoomba. Ndipo jimbo likarekebisha sheria yake: mtu mweusi ataingia, ila kwa utengano. McLaurin akapokewa, na utengano ukapangwa hivi. Darasani aliwekewa kiti katika chumba cha pembeni kilichopakana na darasa, akimsikiliza mwalimu kupitia mlango. Maktabani alipewa meza ya peke yake ghorofani, asikae katika chumba cha kusomea cha wote. Kwenye chumba cha chakula alipewa meza yake, ale saa tofauti na wenzake. Baadaye aliingizwa darasani, lakini kwa muda sehemu aliyokaa ilizungushiwa uzio wenye kibao kilichosema nafasi hiyo ni ya watu weusi.

Chuo kilikuwa na jibu lake. Mwalimu ni yule yule. Vitabu ni vile vile. Chakula ni kile kile. Mtihani ni ule ule. Amekosa nini?

Tarehe 5 Juni 1950 Mahakama ya Juu ya Marekani ilijibu kwa kauli moja, kupitia Jaji Mkuu Fred Vinson. Ilisema kwamba vizuizi vile vinamzuia asisome, asijadiliane na wenzake, wala asijifunze kazi yake ipasavyo. Kisha ikaongeza hoja ambayo ndiyo iliyotufanya tuandike makala hii. Mtu huyu, mahakama ilisema, anasomea kuwa kiongozi na mwalimu wa wengine. Watakaokuwa chini ya malezi yake wataguswa moja kwa moja na elimu aliyoipata yeye. Kadiri maandalizi yake yanavyokuwa duni kuliko ya wenzake, ndivyo na wao watakavyopungukiwa. Na kwa wale waliosema kwamba hata uzio ukiondolewa wanafunzi weupe watamkwepa, mahakama ilijibu kwamba kukwepwa na mtu mmoja mmoja ni jambo moja, na kuzuiwa na dola ni jambo lingine kabisa. Apewe nafasi ya kukubaliwa kwa ustahili wake.

Miaka 4 baadaye, katika kesi ya Brown, mahakama hiyo hiyo iliondoa uhalali wa utengano katika shule za watoto. Kesi ya McLaurin ilikuwa mojawapo ya ngazi za kufikia hapo. Ngazi hiyo ilihusu mtu mzima anayetaka kujifunza kuongoza shule, na majaji wakatambua kwamba nyuma ya kiti chake wamekaa watoto wengi wasioonekana.

Kanisa halikuhitaji kungoja mwaka 1950 ili kulijua hilo. Bwana wetu alisema, katika Luka sura ya 6, kwamba mwanafunzi akikwisha kuhitimu huwa kama mwalimu wake. Musa alipomwandaa Yoshua, hakumweka nje ya hema asikilize kwa mbali. Alimsimamisha mbele ya kuhani na kusanyiko lote akamwekea mikono. Naye Yakobo, katika sura ya 2 ya waraka wake, amewakemea wakristo wanaomwambia mwenye mavazi mazuri aketi mahali pazuri, na maskini wakamwambia asimame kule. Tulipoisoma sura hiyo kwenye kikao, baada ya kusoma habari za McLaurin, hakuna aliyeharakisha kuzungumza.

Haki ile nayo ilikuwa na gharama. Shule zilipounganishwa baada ya kesi ya Brown, wakuu wa shule weusi wengi wa kusini walipoteza kazi zao, maana shule zao ndizo zilizofungwa na wenzao weupe ndio waliobakizwa. Kufikia mwaka 1968 kazi ya walimu wa Jeanes nayo ilikuwa imefikia mwisho. Mlango ukifunguliwa na waliokuwa wakiongoza wakaachwa nje yake, kazi haijakwisha.

Nyumbani

Turudi kwetu. Kenya ilipokaribia uhuru, majengo ya Shule ya Jeanes yaligeuzwa mwaka 1961 kuwa Taasisi ya Utawala ya Kenya, mahali pa kuwaandaa maafisa wa utawala wa taifa jipya. Leo ndiyo Chuo cha Serikali cha Kenya. Ardhi ile ile iliyowaandaa walimu wa kutembelea shule za misheni ikawaandaa mabwana wilaya. Hatujui kama waliokaa madarasani mle walifahamu kwamba waliotangulia walikuja na wake na watoto, wakarudi kuzunguka vijijini kwa miguu na baiskeli.

Tanzania ilipitia njia yake. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliziweka shule nyingi za makanisa chini ya serikali, na watoto wa dini zote wakapata nafasi sawa zaidi. Kanisa lilibaki na seminari na shule chache, na kwa sehemu kubwa likapoteza desturi ya kuwaandaa wakuu wa shule. Kazi hiyo ilibebwa na serikali katika chuo cha MANTEP kule Bagamoyo, ambacho tangu mwaka 2001 ni Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu, ADEM. Bagamoyo ndiko mapadri wa Roho Mtakatifu walikofika mwaka 1868 na kuwasomesha watoto waliokombolewa utumwani. Elimu ya uongozi ina jirani mwema pale, kama ikimkumbuka.

Kuanzia miaka ya 1980 na 1990 makanisa yalirudi kujenga shule kwa wingi, na baadaye vyuo vikuu. Leo shahada ya uzamili katika uongozi wa elimu inapatikana humu humu nchini, hata katika vyuo vya makanisa. Hakuna sheria inayomzuia mwalimu wetu kuingia. Rangi yake haiulizwi. Ndiyo maana ni rahisi sisi kuisoma habari ya McLaurin kama habari ya watu wengine.

Lakini mtu anaweza kupokewa chuoni na bado akakaa nje ya mlango. Mwalimu anayelipiwa nusu ya ada hukaa nje ya mlango kila mtihani unapokaribia na jina lake liko kwenye orodha ya wadaiwa. Mwalimu mwenye mzigo mzima wa vipindi husikia mjadala wa wenzake kwa mbali, maana yeye yuko kwenye basi. Mama ambaye kanisa halikufikiria watoto wake watalala wapi, meza yake maktabani ni ya peke yake, tena ya usiku. Sisi hatukuweka uzio wala kibao. Tuliweka bajeti, tukaiita busara.

Tuliyoamua

Kikao kilichofuata kilikuwa kirefu. Mkuu wa shule mwenyewe, yule aliyebakiza miaka 4, aliomba kusema kwanza. Alisema alikuwa amekwisha kuongoza miaka 19 pasipo mtu kumfundisha kuongoza, na makosa yake waliyalipa wanafunzi. "Baba Mchungaji," alimwambia mwenyekiti, "huyu dada yetu mkimpeleka sasa, atawatumikia miaka 20. Mimi niachieni kazi ya kumshikia nafasi." Wengine wetu tulitazama chini, kwa kuwa tulikuwa tumemtetea kwa sababu za heshima tu, bila hata kumuuliza anataka nini.

Tukapitisha mambo manne. Atakayepelekwa alipiwe ada yote au asipelekwe. Apewe likizo ya masomo, na darasa lake lipate mwalimu wa kujaza nafasi. Familia yake ihesabiwe katika bajeti, kama Kabete walivyofanya. Na akirudi, kabla hajapewa ofisi, azunguke shule zetu zote muhula mzima, akae na walimu, akutane na wazazi, ndipo atuambie ameona nini.

Mzee yule aliyetoa hoja ya kwanza aliuliza fedha zitatoka wapi, na lilikuwa swali la haki. Maana yake ni kwamba safari hii hatungeweza kujidanganya kuwa tumewasomesha wawili. Tumemsomesha mmoja. Mwaka uliofuata hatukumpeleka mtu, tukajibu barua za waliolalamika.

Jambo moja tulilifanya nje ya ajenda. Tulimwita yule mwalimu wa kwanza, ambaye tuliandika kwamba ameshindwa. Hatukuwa na fedha za kumpa. Tulimwomba radhi, na katika kumbukumbu tukaongeza mstari unaosema kwamba dayosisi ndiyo haikumtimizia masharti ya kusoma. Alisikiliza, akashukuru, akauliza kama maandiko yake ya tasnifu bado yanaweza kupokelewa chuoni. Katibu wa elimu analifuatilia.

Mwalimu wetu wa kike yuko mwaka wa pili sasa. Watoto wake wawili wako naye. Darasa lake linafundishwa na kijana aliyemaliza chuo cha ualimu, na mshahara wa kijana huyo unatoka kwenye sadaka ya mavuno ya sharika 11. Kila sharika ilitajiwa hadharani kwamba magunia yake ya mahindi yanalipia nini, na mwaka huu hakuna usharika ulioacha kuleta.